Lita 60 zinatosha, ila chagua samaki sahihi

Mdogo wangu, hao mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa uliowaulizia, hawakufai kwa tangi lako la lita 60. Wanakua wakubwa na ni wagomvi, utaishia kuopoa maiti. Chukua Neolamprologus multifasciatus, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Dume hufika sentimita 4 au 5 hivi, jike mdogo zaidi, na wanaishi kiukoo.

Kazi yote iko chini ya tangi. Weka mchanga laini, kina sentimita 5 au zaidi, kisha makombe matupu ya konokono, mengi kuliko samaki. Kwao ziwani wanatumia ya konokono aitwaye Neothauma. Wewe tumia yoyote ambayo samaki anaweza kuingia na kugeuka, ila yachemshe kwanza. Kuyapanga vizuri ni kujichosha bure: samaki atachota mchanga kwa mdomo, ateme pembeni, arudi tena, mpaka kombe lizame libaki tundu tu. Mimea yenye mizizi wataifukua, nimekuambia mapema.

Maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha asidi) 8 au juu kidogo, joto nyuzi 24 hadi 27. Dar hita si lazima sana, Nairobi huikwepi. Maji ya mvua matupu hapana, ni laini mno. Ya bomba yaondoe klorini, ubadilishe kama robo kila wiki.

Nunua wadogo sita hivi, maana dume na jike huwatofautishi wakiwa wachanga. Chakula kikavu kisage kiwe unga. Wakizaa, vitoto viache humo humo, kwa kawaida wakubwa hawavisumbui.