Mashine ya mtumba ya kupima bodi: subiri kwanza

Kaka, umeuliza kama ununue mashine ya mtumba ya kupima bodi (vibao vya saketi) za chaja za sola, wakati karakana yenu pale Unga Limited, Arusha, inatoa bodi 60 kwa mwezi. Mimi nasema subiri.

Ziko aina mbili. Ile ya kitanda cha pini, yaani ubao wenye pini nyingi zilizosimama, hugusa sehemu zote za bodi kwa mpigo na kumaliza kwa sekunde chache, lakini kila muundo wa bodi unadai kitanda chake. Mkihamisha vipande kwenye bodi, cha zamani hakifai tena. Ya pini zinazotembea, yaani pini chache zinazohama sehemu hadi sehemu, haihitaji kitanda. Ni ya polepole, ingawa kwa bodi 60 hilo halikuumizi. Kinachoumiza ni bei na vipuri. Na leseni ya programu isipokuja na mashine, umenunua chuma tu!

Tengenezeni kitanda chenu: akriliki iliyotobolewa, pini za springi, maikrokontrola (chipu ndogo ya kompyuta) ya kusoma volteji. Ulizia vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha. Kisha andikeni kila bodi iliyofeli na sababu yake, maana mara nyingi nimeona kipande kikilaumiwa, kumbe lehemu haikushika.