Panya ni 40 au 520?

SWALI: Habari mtaalamu, niko kwenye utafiti wa sumu wa siku 90, panya dume 40, makundi manne ya kumi kumi, moja ni la kontroli (halipewi kemikali) na matatu yanapewa kemikali kwa dozi ndogo, ya kati na kubwa. Uzito nachukua kila wiki kwa wiki 13. Nimefanya t-testi (ile ya kulinganisha wastani wa makundi mawili) kila wiki, kila dozi dhidi ya kontroli, dozi ndogo imetoa tofauti wiki ya 5 tu, dozi kubwa kuanzia wiki ya 9 mpaka mwisho. Mwenzangu anasema nichanganye wiki zote nipate vipimo 520 ili testi iwe na nguvu. Nimsikilize? Halafu panya watatu wa dozi kubwa wamekufa njiani, niwafute?

JIBU: Usimsikilize, na hao watatu usiwafute.

Tuanze na hizo 520. Panya aliyekuwa mzito wiki ya 3 atakuwa mzito pia wiki ya 4, kwa hiyo kipimo cha pili hakikuletei habari mpya kabisa, sehemu kubwa ni yaleyale. Kemikali umempa panya, hukuipa wiki, sasa ukiiambia programu una vitu 520 vinavyojitegemea itakuamini na itakupa p (uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ndogo ajabu kwenye dozi, manake kosa sanifu, yaani kipimo cha wasiwasi wa wastani, limeshuka bila sababu. Panya wako ni 40, basi. Na kama mnapima chakula na panya wanakaa wawili watatu kwenye kizimba kimoja, hapo hata 40 hamna, mnahesabu vizimba.

Hizo t-testi zako nazo: dozi 3 mara wiki 13 ni testi 39, kwa kiwango cha asilimia 5 hata kama kemikali haifanyi chochote utarajie kama 2 zitoke na "tofauti" kwa bahati tu. Ile wiki ya 5 ya dozi ndogo, imetokea mara moja ikapotea, na dozi ya kati haina kitu, mimi nisingeipa uzito. Ya dozi kubwa ni habari nyingine kabisa, inaanza, inaendelea, haiondoki.

Swali lako la kweli ni hili, je mstari wa ukuaji wa waliopewa dozi unaachana na wa kontroli kadiri wiki zinavyokwenda? Hilo ni dozi mara muda, na linajibiwa kwa modeli mseto, ile ambayo wanatakwimu Laird na Ware waliiweka vizuri mwaka 1982: kila panya anapewa mstari wake, uzito wa kabla ya dozi unaingia kama kovarieti (kitu cha kusawazishia ulinganisho), na unaiambia modeli kwamba vipimo vya wiki zinazokaribiana vinafanana kuliko vya wiki zilizo mbali. Anova ya kurudiarudia ya zamani, testi ya kulinganisha wastani wa makundi yanayopimwa mara nyingi, inataka sferisiti, yaani tofauti kati ya wiki zozote mbili ziwe na mtawanyiko sawa, ambayo panya wanaokua hawaitimizi hata kidogo (kuna marekebisho ya Greenhouse na Geisser, ila kwa data yenye mapengo bado inakwama). Kama modeli inakutisha, chukua namba moja kwa kila panya, mfano kasi yake ya kuongezeka uzito, halafu linganisha makundi kwa testi ya Dunnett, inayolinganisha kila dozi na kontroli. Ni rahisi na mkaguzi hatakusumbua. Jedwali la kila wiki liweke tu, watu wamelizoea, ila hitimisho lisitoke humo.

Waliokufa sasa, hapa ndipo wengi wanaharibu. Mara nyingi wanaokufa ndio waliokuwa wamekonda zaidi, wakiondoka wastani wa waliobaki unapanda na kundi linaonekana limepata nafuu wakati ndio linaumia! Anova ya kawaida inamtupa panya mzima kwa sababu ya wiki moja tu iliyokosekana, modeli mseto inatumia vipimo vyote alivyoacha, mradi kukonda kwake kulishaonekana kwenye vipimo kabla hajafa. Kwa hiyo kila anayetolewa pima uzito siku hiyohiyo na andika sababu. Usijaze mapengo kwa kurudia uzito wa mwisho, utachora mstari uliolala ambao haukuwepo.

Kabla ya yote hayo chora grafu, mstari mmoja kwa kila panya, rangi kwa kila dozi, na vifo uviweke alama. Nitumie nikuangalizie hiyo wiki ya 5, nahisi ni panya mmoja au wawili tu wanaovuta wastani.