Kwa mnaoanza utafiti wa hisabati: msitishwe na hesabu za kutajwa

Wadogo zangu mnaoanza uzamivu wa hisabati hapa Mombasa, kila mwaka hunijia mmoja wenu uso umemshuka, simu mkononi. Makala yake imetajwa na watafiti wengine mara mbili tu. Mwenzake wa afya ya jamii, wanaokaa nyumba moja Tudor, ametajwa mara arubaini. "Mwalimu, nimepotea njia?"

Hujapotea. Hisabati ina mwendo wake. Twaandika makala chache, kila moja hutaja kazi chache, na mhakiki aweza kukaa na mswada wako mwaka mzima akikagua uthibitisho mstari kwa mstari. Kile kipimo maarufu cha athari ya jarida huangalia makala za miaka 2 iliyopita tu. Kwetu, miaka 2 msomaji wako huenda bado anahangaika na lema ya tatu, yaani hoja ndogo inayosaidia uthibitisho mkubwa. Muungano wa Kimataifa wa Hisabati, pamoja na vyama viwili vingine, ulitoa ripoti mwaka 2008 ukionya dhidi ya kuwapima watafiti kwa nambari hizi peke yake. Isomeni mapema.

Kuna pia kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 5, maana yake una makala 5 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 5. Sasa mfikirieni Yitang Zhang. Mwaka 2013, akiwa amepita umri wa miaka 50 na makala zake zikihesabika kwa vidole, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za nambari tasa zinazoachana kwa chini ya milioni 70. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amethibitisha kikomo chochote cha umbali huo. Jopo lililomtazama kwa h yake mwaka 2012 lingemwona nani?

Lakini rekodi yako ni amana, itunze. Mimi niliiharibu mwanzoni kwa jina. Sisi wa Pwani twaitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Makala ya kwanza niliishia na jina la babangu, ya pili la babu, ya tatu nikafupisha la kwanza kuwa herufi moja. Hifadhidata zikaniona watu watatu, na kutajwa kwangu kukagawanyika mafungu matatu. Nilihangaika miezi kurekebisha. Chagueni jina moja kabla ya makala ya kwanza, kisha jiandikisheni ORCID, nambari ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure.

La pili liliniuma zaidi. Nilipoomba kupandishwa cheo, jopo lilinikata alama kwa kuwa jina langu lilikuja mwisho kwenye makala ya pamoja. Katika hisabati twapanga majina kwa alfabeti. Wa mwisho aweza kuwa ndiye aliyebeba uthibitisho wote. Chama cha Hisabati cha Marekani kilitoa taarifa mwaka 2004 kueleza desturi hiyo. Ichapisheni muiambatanishe na kila ombi, kwa sababu wanajopo wengi hutoka fani ambako wa kwanza ndiye mwenye kazi.

Mtaandikiwa pia barua pepe za majarida yanayoahidi kuchapisha kwa siku tano, lipa tu. Angalieni kwanza kama jarida limo katika zbMATH Open, hifadhidata ya machapisho ya hisabati, ambayo tangu 2021 haina malipo. Na yule atakayewaambia "nitaje nikutaje", mkatalieni hata akiwa mkubwa wenu. Mwaka 2023 kampuni ya Clarivate iliiondoa hisabati kwenye orodha yake ya watafiti wanaotajwa sana kwa sababu ya ulaghai wa aina hii. Waliofanya kazi yao kwa haki nao wakakosa kuorodheshwa.

Mswada ukiwa tayari, wekeni nakala arXiv, hazina ya bure ya makala mtandaoni. Mtu asiye na maktaba ya kulipia ataipata huko. Makala yangu ninayoipenda kuliko zote imetajwa mara 6. Ya sita ilikuja miaka 9 baada ya kuchapishwa: mwanafunzi nisiyemjua aliipata huko, akachukua lema niliyokaribia kuifuta kwa kudhani haina maana, akajengea juu yake thiorema yake nzima. Usiku huo niliisoma kazi yake hadi adhana ya alfajiri.