Waacheni wapumue, msiwahoji

Dada, pole na hongera kwa kuwapokea. Umesema watoto wa kaka yako wanashtuka usiku tangu wakimbie mapigano, mama yao haongei, na wazee wanataka akalishwe chini aseme yote yamtoke. Mimi nisingethubutu. Wifi yangu alipokuja kwangu na wanawe, kila aliyekuja kutoa pole alitaka kusimuliwa mwanzo mwisho. Nikawa nawapokea mlangoni, nawashukuru, nawaaga. Walionuna, shauri yao. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri kumdodosa mtu yaliyomkuta mara tu baada ya tukio. Akianza mwenyewe, msikilize. Akinyamaza katikati, usimvute.

Kilichosaidia zaidi ni ratiba: kula, kuoga na kulala saa zilezile. Yule wa kati alikuwa analala na viatu miguuni, tayari kwa kukimbia. Hatukumvua. Kila usiku mama yake alimpeleka mlangoni akajaribu kitasa mwenyewe, akaona pamefungwa. Ilichukua muda, lakini akaanza kuvivua na kuviweka chini ya mto, mwishowe chini ya kitanda. Mkubwa wao alirudia ukojozi. Hilo ni la kawaida kwa mtoto aliyeona vita, na kumchapa au kumcheka kunazidisha. Badilisha shuka, yaishe.

Mama yao usimfanyie kila kitu. Wenyeji tuna huruma ya kupitiliza: mtu kapoteza nyumba, nasi tunamnyang'anya hata jiko. Wifi alianza kuchangamka alipoachiwa aamue mwenyewe watoto waanze shule lini. Taarifa za vita kwenye runinga tulizima watoto wakiwepo.

Kama kaka yako hajulikani alipo, usiwaambie watoto kasafiri. Waambie hatujui, tunamtafuta, na mtafuteni kweli: Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wana huduma ya kuwatafuta ndugu waliopotezana.

Mama yao msimpe dawa za usingizi kwa kubahatisha. Mwezi ukipita na bado halali, hali chakula au hawezi kuhudumia watoto, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akitamka kwamba bora afe, msingoje mwezi. Nendeni siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Nawe tafuta wa kupokezana naye usiku. Mimi nilipokezana na mdogo wangu, vinginevyo ningekuwa nawafokea watoto kwa usingizi tu.