Hela ya baito haitalipa ada ya shule Japani

Usilipe kwanza. Hata kama umeshamwahidi huyo agenti wa kukupeleka shule ya lugha Japani kwamba kesho unakwenda benki, subiri mpaka umalize kusoma hapa. Pale ulipoandika kwamba amekwambia ulipe ada ya miezi sita tu, na iliyobaki utajilipia mwenyewe kwa baito, yaani kibarua cha saa chache, ukishafika, damu imenichemka. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, kwa mpangilio ule ule, na niliyaamini.

Umeuliza mengi kwa mpigo: shule ya lugha inafaa au la, chakula, nguo za baridi, simu, msikiti. Naanza na ada, maana ukikosea hapo koti la baridi utalivaa ukisubiri ndege ya kurudi.

Nilikwenda kwa njia yako hiyo hiyo. Shule ya lugha, viza ya mwanafunzi, kuingia Aprili, chumba cha kushea Saitama, jirani na Tokyo. Mpango ulikuwa miaka miwili ya lugha kisha chuo. Nilikaa mwaka na ushei, nikarudi Dar bila chuo.

Tufanye hesabu, tena kwa ukarimu. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate kibali. Unaweza kukiomba pale pale uwanja wa ndege siku unayoingia, hulipi kitu, wanakugongea muhuri nyuma ya kadi ya ukaazi. Kibali hicho kinakupa saa 28 kwa wiki. Ni kwenye likizo ndefu za shule tu ndipo unaruhusiwa mpaka saa 8 kwa siku. Wiki nne ni saa 112. Weka yen 1,150 kwa saa, kiwango cha kawaida cha vibarua pembeni mwa Tokyo, unapata yen 128,800. Sasa toa: kitanda kwenye chumba cha kushea 40,000, chakula cha kujipikia 30,000, treni 10,000, umeme na gesi na maji 10,000, simu 3,000, bima ya afya 2,000. Unabaki na 33,800. Ada ya shule nyingi za lugha inacheza kwenye yen 800,000 kwa mwaka, yaani kama 66,700 kwa mwezi. Kila mwezi unapungukiwa karibu yen 33,000, na hapo hujatuma hata senti nyumbani, hujaumwa jino, hujanunua kitabu.

Tena sijaweka mchango wa pensheni ya taifa, ambao kila mkaazi wa miaka 20 mpaka 59 anadaiwa, awe mgeni au mwenyeji. Kwa mwaka wa fedha 2025 ulikuwa yen 17,510 kwa mwezi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuombea msamaha ofisi ya manispaa, lakini lazima uende uombe mwenyewe. Agenti wangu hakuwahi hata kuitaja hiyo pensheni. Bahasha ya madai ndiyo iliyonieleza.

Na hesabu yote hiyo inadhani unaanza kazi siku unayotua. Haiko hivyo. Utafika, utakwenda manispaa kujiandikisha ndani ya siku 14 baada ya kupata makazi, utahangaika na akaunti ya benki, utahangaika na laini ya simu, ndipo uanze kuomba kazi ukiwa na Kijapani cha kutaja jina lako na unakotoka. Ukiipata, sehemu nyingi mshahara wa mwezi huu unalipwa mwezi ujao. Wakati huo awamu ya pili ya ada inakusogelea.

Asiyejua Kijapani anaishia kiwandani usiku. Mimi nilikuwa kiwanda cha bento, vile vyakula vya boksi vinavyouzwa kwenye konbini, maduka yale ya saa 24. Basi linawachukua kituoni jioni. Mnavaa ovaroli jeupe, kofia ya kufunika masikio, barakoa, yanabaki macho matupu. Mnapitishiana rola ya gundi mgongoni kuondoa nywele, mnasugua kucha kwa brashi, kisha mnaingia chumba chenye baridi ya friji. Mkanda unaanza kutembea. Kazi yangu ilikuwa kuweka kipande kimoja cha figili ya njano kwenye kona ya wali. Boksi linapita, unaweka. Linapita, unaweka. Mpaka alfajiri. Ukiruka boksi moja, mama aliye upande wa pili anapiga kelele na mkanda mzima unasimama, watu wote wanakutazama kwa yale macho. Kuanzia saa nne usiku sheria inaongeza malipo kwa asilimia 25, ndiyo maana wanafunzi tunakimbilia huko. Asubuhi saa tatu uko darasani, mwalimu anaita jina, unaitika, kichwa kinadondoka mezani. Mahudhurio yanawekwa kwa asilimia, na asilimia hizo zinakwenda uhamiaji pamoja na maombi yako ya kuongeza viza.

Awamu ya pili ilipofika hela haikutosha, kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha. Nikampigia agenti. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, anajiamini kama hakimu: tafuta kazi ya pili, hizo saa 28 ni za kila mwajiri. Nikatafuta, nikapata usafi wa hoteli mwisho wa wiki.

Mdogo wangu, huo ni uongo uliokamilika. Saa 28 ni za mtu. Kazi zote zinajumlishwa, ziwe mbili, ziwe tano. Na zinahesabiwa ndani ya siku saba zozote zinazofuatana, uanzie siku unayotaka, kwa hiyo hata ule ujanja wa kujaza saa mwisho wa wiki hii na mwanzo wa ijayo unakukamata. Kila Mnepali na kila Mvietnamu darasani kwetu alikuwa anaijua sheria hii. Yule bwana aliyekula hela yangu ya "ushauri", mwenye ofisi yenye kiyoyozi na picha ya mlima Fuji ukutani, hakuijua. Na kama aliijua, basi ni mwizi kamili. Wengi wao wanalipwa na wewe, halafu shule inawalipa tena kwa kila mwanafunzi waliyempeleka. Ukishapanda ndege faili lako kwake limefungwa, anafungua la mwingine. Leo ni lako.

Utaambiwa pia kwamba hawawezi kujua. Wanajua, na njia yenyewe ni hii. Mwajiri yeyote anayeajiri mgeni, hata mwanafunzi wa kibarua, anatakiwa kumripoti kwenye ofisi ya ajira ya serikali. Kila Januari waajiri wanapeleka manispaa taarifa ya mishahara waliyolipa mwaka uliopita. Manispaa inajumlisha yote, na ikifika Juni unaweza kupata cheti cha kodi kinachoonyesha kipato chako chote cha mwaka ule, kiwanda na hoteli vimekwisha kuwa namba moja. Uhamiaji wakikuambia ulete hicho cheti, hakuna pa kujificha. Wako wanaoshauri utafute bosi anayelipa mkononi bila karatasi. Huyo akikudhulumu utamshtaki kwa nani?

Cheti changu cha kodi nilikilipia yen 300 dirishani pale manispaa, nikakisoma nimesimama. Siku ya uhamiaji ofisa hakunifokea hata kidogo. Alivuta kikokotoo, akagawa kipato kwa malipo ya saa, akagawa tena kwa wiki, akakigeuza taratibu kwenye kaunta ili niangalie mwenyewe. Akauliza kama nina maelezo. Nikamwambia niliambiwa ni kwa kila mwajiri. Akaandika, akanishukuru kwa kufika.

Maombi yangu ya kuongeza viza yalikataliwa. Wanakupa hadhi ya muda ya kujiandaa kuondoka, kama mwezi hivi, na kazi ni marufuku. Unauza godoro, jiko la wali na baiskeli kwa bei ya kutupa. Uwanja wa ndege wanaitoboa kadi yako ya ukaazi tundu wanakurudishia. Na kumbukumbu inabaki kwao. Siku ukiomba tena viza, wanaisoma kabla ya kukusoma wewe. Ada niliyokwisha kuilipa ilikuwa imetoka kwenye shamba la familia, hilo sitalieleza zaidi hapa.

Na kabla hawajaja wale wa "ungesoma sheria mwenyewe": fomu zote nilizosainishwa zilikuwa za Kijapani, na Kijapani ndicho nilichokuwa nimekifuata kule.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa na sisogei: ada yote ya mwaka wa kwanza, pamoja na hela ya kula na kulala ya miezi sita, viwe mkononi kabla hujakata tiketi. Baito inunue chakula, na kinachobaki kiwe akiba ya mwaka wa pili. Kama hela hiyo haipo, ahirisha. Shule za lugha hupokea wanafunzi Aprili na Oktoba, nyingine na Julai na Januari, hazikimbii. Wajapani wenyewe wanalitazama hivyo hivyo, ndiyo sababu maombi yanadai taarifa ya benki ya mdhamini atakayekulipia ada na matumizi. Agenti akikwambia hiyo taarifa "atakutengenezea", ondoka ofisini kwake hapo hapo, kwa sababu karatasi ya kughushi itakuwa na jina lako juu yake, la kwake halitaonekana popote.

Kuna jambo moja hata linakupendelea ukitumia hela ya nyumbani. Yen imeshuka sana. Mwaka 2024 ilifika mahali dola moja ikavuka yen 160. Ada inayolipwa kutoka huku imekuwa nafuu kuliko zamani, na mshahara wa kule ukiutuma huku unapungua njiani. Anayekutamanisha kwa hadithi za watu waliojenga kwa hela ya baito anakusimulia yen ya enzi nyingine.

Halafu kitu kimenishtua kwenye maelezo yako. Umesema cheti cha ustahiki hakijatoka bado. Hicho ndicho uhamiaji wa Japani wanakitoa, shule inakutumia, nawe unakipeleka ubalozini kuombea viza. Shule nyingi zinadai ada kikishatoka. Kina uhai wa miezi mitatu, muda wa kulipa upo wa kutosha. Sasa leo unalipa nini, na kwa nani? Ada inalipwa kwenye akaunti ya shule iliyoko Japani, yenye jina la shule. Iandikie shule barua pepe wewe mwenyewe, kwa Kiingereza watakujibu, uliza kiasi, tarehe, na wanarudisha nini viza ikikataliwa. Angalia pia hadhi ya shule yenyewe: tangu Aprili 2024 kuna sheria mpya ya kuthibitisha shule za Kijapani chini ya Wizara ya Elimu yao, shule za zamani zikiwa zimepewa miaka ya mpito, na zilizothibitishwa zimeorodheshwa mtandaoni.

Na kwa nini hujaomba njia za bure? Ufadhili wa Monbukagakusho, ule wa serikali ya Japani, unaombwa kupitia ubalozi wa Japani pale Dar, unalipiwa ada, tiketi na posho ya kila mwezi. Kwa shahada ya uzamili kuna mpango wa ABE Initiative wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wameanza kupokea vijana wa Afrika 2014. Ushindani ni mkali na fomu zinachosha, lakini hakuna agenti katikati, na ukiwa huko huwezi kulazimika kusimama usiku kucha mbele ya mkanda ili ubaki darasani.

Sina ugomvi na Japani. Yule mama wa kiwandani aliyekuwa akinipigia kelele ndiye aliyekuwa akinijazia machenza mfukoni wakati wa baridi, na ndiye aliyenifundisha Kijapani kingi kuliko kitabu. Anza Kijapani sasa hivi ukiwa huku. NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, wana masomo ya bure mtandaoni, yanaelezwa kwa Kiswahili. Ukifika na kiwango cha kuelewana na mteja utapata kazi ya dukani mchana, na usiku utalala kama binadamu.

Chakula usihofu. Kuku wa kugandishwa kutoka Brazil mwenye alama ya halali yupo kwenye maduka ya jumla, unga na viungo utapata maduka ya Shin-Okubo, mtaa wa Tokyo. Msikiti mkubwa ni Tokyo Camii, karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, na Ijumaa utakutana na watu wa kila taifa.

Weka hapa picha ya hiyo ankara aliyokutumia, ufiche jina lako na namba ya pasi. Nataka kuona jina la akaunti ni la shule au la mtu.