Injini inayogonga ukiingiza rivasi: angalia mauntingi

Gari la spoti likitetemeka kwenye sailensa (injini inawaka, hukanyagi mafuta) na kugonga "du!" ukitoka D kwenda R, shaka ya kwanza ni mauntingi za injini, yaani vishikizi vya mpira na chuma vinavyoibeba. Fungua boneti, vuta handbreki, mwenzako akanyage breki kwa nguvu na abadilishe D na R huku akigusa mafuta kidogo tu. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka juu badala ya kujiinua kidogo, umepata jibu. Tafuta mpira uliopasuka au kubanduka kwenye chuma. Mauntingi zenye majimaji ndani huvuja majimaji meusi.

Kubadilisha: beba injini kwa jeki na kipande kipana cha mbao, maana sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya alumini hupasuka kirahisi. Ingiza boliti zote kwa mkono kwanza, shusha uzito, ndipo ukaze kwa kipimo cha mtengenezaji. Badilisha zote pamoja. Mpya moja itabebeshwa mzigo wa wenzake. Na kama oili inadondokea hapo, ziba kwanza, inakula mpira. Mauntingi za poliyurethani (plastiki ngumu badala ya mpira)? Kwa mbio sawa, ila barabarani kiti kitakutetemesha.