Shule iambiwe kinachomsumbua mtoto

Wiki hii mmeuliza: mwanafunzi akirudi darasani baada ya ugonjwa mkubwa, shule imsaidieje? Najibu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa kidato cha pili nilipofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, aina iitwayo kraniofarinjioma. Si saratani, ila huota mahali pabaya: chini ya ubongo, jirani na tezi ya pituitari inayosimamia homoni, na mishipa ya fahamu ya macho inapita hapo hapo.

Kovu lilipofunga na nywele kuota, ndugu walishukuru Mungu kwamba nimepona. Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Macho yangu yanaona mbele, pembeni hayaoni. Mtu mzima akitokea ubavuni simwoni, basi shikamoo haitoki. Nikaambiwa nina kiburi; jirani mmoja alifika hadi nyumbani kunishtaki kwa mama. Wenzangu walivunja ungo, wakarefuka, mimi nikabaki na umbo la mtoto wa darasa la tano, nanenepa tu. Mwili ambao tezi yake ya pituitari imeharibika namna hii haubalehe bila kupewa homoni, na hilo huwezi kumweleza kila anayekucheka bombani.

Kisha kuna kiu na mkojo. Ile homoni inayozuia maji yasipotee mwilini ikikosekana, unakunywa na kukojoa bila kukoma. Dawa ipo, desmopresini, lakini nguvu yake ikiisha katikati ya kipindi huwezi kungoja kengele. Mwalimu mmoja alininyima ruhusa. Yaliyotokea mbele ya wavulana siwezi kuyaandika hapa.

Ila linalonitia hofu zaidi ni haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Mama alikuwa akikata kidonge kwa wembe juu ya kisosi: kipande kikubwa cha asubuhi, vidogo vya mchana na jioni. Mtu mwenye afya akipata homa, mwili wake huongeza kotisoli wenyewe. Wangu hauwezi. Ni lazima dozi iongezwe kama daktari alivyoelekeza, na nikitapika kidonge nahitaji sindano haraka. Kuchelewa kunaweza kuua, na mwalimu asiyejua atasema, "Kalale kidogo, ni malaria hiyo."

Kwa hiyo naomba karatasi moja ya daktari, ikae kwa mwalimu wa darasa na kwa matroni. Nilipohamia bweni, matroni wetu aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Usiku nilipoanza kutapika hakuniuliza nimekula nini. Alimwamsha dereva, akaja na karatasi yake mkononi hadi hospitali. Mengine hayana gharama: kiti cha katikati mbele ya ubao, chupa ya maji juu ya dawati, na ruhusa ya kutoka bila kunyoosha mkono.